Mshipa upi?

Mama wa Kitengela, Kajiado, aliyefanyiwa upasuaji wa kuongeza matiti akimwambia daktari, “Mshipa unanivuta,” bado hajaeleweka. Katika Kiswahili, mshipa ni vena, ateri, neva, hata ngiri. Heri aeleze anachokiona: “Kuna kitu kama kamba chini ya ngozi, kutoka titini kushuka tumboni.” Hapo daktari atashuku ugonjwa wa Mondor, ulioitwa kwa jina la Henri Mondor, mpasuaji Mfaransa aliyeueleza mwaka 1939. Damu huganda katika vena iliyo karibu na ngozi. Aghalabu hali hiyo huisha yenyewe baada ya wiki kadhaa. Lakini mguu mmoja ukivimba au pumzi ikikata ghafla, huenda damu imeganda kwenye vena za ndani. Usingoje, kimbia hospitalini!