Jina Moja kwa Wawili

Ukitazama picha za harusi ya Kijapani, bibi harusi ndani ya kimono nyeupe na kuhani wa Kishinto mbele yake, utadhani ndoa inafungwa pale. Kisheria haifungwi pale. Ndoa ya Japani ni fomu: wachumba wanaijaza, mashahidi wawili wenye miaka 18 au zaidi wanaithibitisha, inapelekwa ofisi ya manispaa, na ikishapokelewa hao ni mume na mke. Ofisi nyingi huipokea hata usiku na siku za sikukuu. Sherehe hufuata wakipenda, wengine hawaifanyi kabisa.

Ndani ya fomu hiyo kuna sehemu inayowaumiza wengi: jina la ukoo. Kifungu cha 750 cha Sheria ya Kiraia kinawataka wanandoa watumie jina moja. Hakisemi liwe la nani, lakini katika ndoa takriban 95 kati ya 100 anayeliacha lake ni mwanamke. Msomaji wa pwani yetu, aliyezoea kuona mke akiitwa kwa jina la baba yake hadi anazikwa, atashangaa. Na ashangae zaidi: Mjapani akioana na mgeni, tuseme Mtanzania, hashurutishwi kubadili jina. Sharti ni la Wajapani wao kwa wao.

Asili yake ni sheria ya 1898, iliyompa mkuu wa kaya mamlaka juu ya ndoa za watu wake. Mwanamke aliolewa na nyumba nzima, na jina lilikuwa la nyumba. Mshenga, nakodo, aliwakutanisha vijana katika kikao cha omiai, huku kila upande ukichunguza ukoo, kazi na afya ya wenzao. Katiba ya 1947 ikavunja mamlaka hayo: kifungu cha 24 kinasema ndoa itatokana na ridhaa ya wawili tu. Aliyeandika rasimu ya kifungu hicho ni Beate Sirota, binti wa miaka 22 aliyekulia Tokyo.

Mioyo ilibadilika upesi kuliko sheria. Mwaka 1959 mrithi wa kiti cha enzi, Akihito, alimwoa Michiko Shoda, asiye wa ukoo wa kifalme, waliyefahamiana naye kwenye uwanja wa tenisi Karuizawa. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 ndoa za kupendana zilikuwa zimezipita za omiai. Leo kijana hutamka wazi kwamba anampenda mwenzake na kuomba wawe wapenzi. Kabla ya kauli hiyo, kwa wengi uhusiano haujaanza.

Jina moja, hata hivyo, lilibaki. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kifungu cha 750 hakivunji Katiba. Majaji watano kati ya 15 walipinga, wakiwemo wanawake wote watatu waliokuwa kwenye jopo. Mwaka 2021 mahakama ikashikilia msimamo huohuo na kuliachia Bunge. Wapo wanaoamua kuishi pamoja bila fomu, lakini basi hawarithiani kama mume na mke.

Mimi naona ridhaa inayomtaka mmoja aache jina lake ni ridhaa pungufu. Bunge la Japani lirekebishe kifungu hicho: wanaotaka jina moja waendelee nalo, na wanaotaka kubaki na yao waachiwe.