Treni ya vitofali iliyomfundisha mfanyabiashara wa Kikuubo njia ya kontena lake

Na Mwandishi Wetu, Kampala

GUNIA lilitoka Owino. Dada yangu alilinunua kwenye mitumba ya vitu vya watoto, likiwa limejaa vitofali vya plastiki vya kila rangi. Ndani yake mlikuwa pia na magurudumu ya treni ya kuchezea na vipande vinne vya reli yake. Mwanawe, mwenye umri wa miaka 13, hakutaka kujenga nyumba wala gari. Alitaka kichwa cha treni, na si cha kubuni. Alitaka kile cha kweli, chenye kila dirisha na kila gurudumu mahali pake.

Mchoro aliopata ulikuwa wa TEM2, kichwa cha treni cha dizeli kilichotengenezwa Bryansk, Urusi, kuanzia mwaka 1960. Alijenga jioni tatu mfululizo. Kilipokamilika alikiweka mezani na kumwita jirani yetu hapa Nsambya, mzee aliyestaafu kazi ya reli.

Mzee alivaa miwani, akakizunguka, akainama.

“Umejenga vizuri, mjukuu wangu. Lakini hiki hakiwezi kufika Tororo.”

“Kwa nini, Jjajja?”

“Reli yake ni pana kuliko yetu. Halafu hesabu magurudumu.”

Maneno hayo mawili, upana na magurudumu, yalitufanya tubomoe kazi yote na kuanza upya. Tulipomaliza, dada yangu, ambaye huuza vyombo vya plastiki Kikuubo, alikuwa ameelewa jambo ambalo risiti zake za miaka minne hazikuwahi kumweleza.

Kipimo kinaanza relini

Anayejenga mfano wa treni haanzi na rangi. Anaanza na reli, kwa sababu reli ya kuchezea ina upana mmoja tu: karibu milimita 37.5 kati ya chuma na chuma. Ukishajua upana wa reli ya kweli unayoiga, unagawanya, na jibu linakupa ukubwa wa kila kitu kingine.

Reli ya Urusi ina upana wa milimita 1,520. Gawanya kwa 37.5, unapata kama 40. Kwa hiyo kila kitu kwenye mchoro wa yule kijana kilipunguzwa mara 40. Reli ya zamani ya Uganda na Kenya, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kampala mwaka 1931, ina upana wa mita moja kamili. Hiyo unaipunguza mara 27 tu.

Tofauti hiyo inaonekana wazi ukijenga kontena la futi 40. Vitofali hivi vina vinundu juu yake, na kutoka kinundu hadi kinundu ni milimita 8. Kwa kipimo cha Kirusi kontena hilo lina urefu wa vinundu 38. Kwa kipimo chetu lina vinundu 57. Kontena ni lile lile, na reli ya kuchezea ni ile ile. Kilichobadilika ni nchi unayoiga.

Ndiyo maana treni yetu, ukiitazama kutoka mbele, ina sura yake ya pekee. Kontena lina upana wa mita 2.44 na limekalia reli ya mita moja, kama mama aliyebeba kapu kubwa la ndizi kichwani huku miguu ameibana.

Magurudumu kumi na sita

Kijana alichagua kuiga kichwa cha daraja la 92, nambari 9201 hadi 9215. Vichwa hivyo 15 vilitengenezwa na Montreal Locomotive Works ya Kanada mwaka 1971 kwa ajili ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, wakati Kenya, Uganda na Tanzania zilipokuwa na reli moja na bosi mmoja. Shirika lilipovunjika mwaka 1977, vichwa hivyo vilibaki Kenya.

Kwa jinsi mambo yalivyo, vichwa hivi na kile cha Kirusi ni binamu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani iliipa Urusi vichwa vya dizeli vya kampuni ya ALCO. Vita vilipokwisha Warusi wakatengeneza cha kwao kwa kuiga kile cha ALCO, wakakiita TE1, mwaka 1947. Kutoka ukoo huo ndiko TEM2 ilikotoka. Nayo Montreal Locomotive Works ilikuwa ndugu wa ALCO upande wa Kanada, na injini iliyowekwa kwenye daraja la 92 ni ya muundo wa ALCO. Babu mmoja, wajukuu wawili, mmoja akapelekwa kwenye theluji, mwingine kwenye miinuko ya Timboroa.

Tofauti yao iko chini. TEM2 ina ekseli sita. Daraja la 92 lina ekseli nane: sita zinazosukumwa na mota, na mbili za nyongeza, moja kila mwisho, ambazo hazivuti chochote. Kazi yake ni kubeba tu.

Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kusimama kwenye mizani na lori lake anajua sababu bila kuambiwa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hairuhusu lori na mzigo wake kuzidi tani 56, na hata zikiwa chini ya hapo, ekseli moja ikilemewa utazuiwa. Reli nayo ni hivyo hivyo. Chuma chetu ni chepesi kuliko kile cha Urusi, na kichwa cha daraja la 92 kina uzito wa zaidi ya tani 100. Ukiugawa uzito huo kwa ekseli nane badala ya sita, reli inapumua.

Hapo ndipo ujenzi ulipokuwa mgumu. Ekseli nne zikifungwa pamoja bila kulegea, treni ya kuchezea huacha reli kwenye kona ya kwanza. Kijana alihangaika nayo Jumapili nzima. Mwisho alizifunga ekseli tatu pamoja, akaiacha ile ya mbele ichezecheze kushoto na kulia kwa upana wa kinundu kimoja, na katikati akaweka magurudumu yasiyo na ukingo. Kwa kuwa hatukuwa na kona, tulikunja waya wa chuma tukatengeneza moja. Treni ilipita. Mzee alipiga makofi mara moja tu, kisha akaomba chai.

Mkono wa mtoto

Kichwa kilipokamilika kilikuwa na urefu wa zaidi ya nusu mita. Nyuma yake tukaunganisha behewa moja bapa lenye kontena jekundu. Kisha kijana akapata wazo la kujenga pia reli mpya ya SGR pembeni yake, kwa kipimo kile kile. SGR ina upana wa milimita 1,435. Ukiupunguza mara 27 unapata karibu milimita 54. Alipiga misumari vijiti viwili vya mbao kwenye ubao, akaviachanisha kwa kipimo hicho.

Dada yangu alirudi kutoka Kikuubo saa mbili usiku, amechoka. Mwezi ule kontena alilochangia na wenzake watatu lilikuwa limekaa bandari kavu moja njiani kwa siku nyingi kuliko walivyoahidiwa. Beseni na ndoo za wanafunzi zilifika shule zikiwa zimeshafunguliwa, na juu yake kulikuwa na bili ya kuhifadhi ambayo hawakuitegemea.

“Mama, tazama,” kijana alisema. Alisukuma behewa la mita moja hadi mwisho wa reli yake, likaingia kwenye vijiti vya SGR na kutumbukia katikati. Magurudumu hayakugusa popote. Kisha akalinyanyua kontena kwa vidole na kuliweka juu ya behewa jingine, pana zaidi.

Dada yangu alinyamaza kidogo.

“Na huo mkono,” akauliza, “nani anaulipa?”

Hilo ndilo swali. SGR ya Kenya ilianza safari kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017 na kufika Naivasha mwaka 2019. Haijaungana na Kampala. Mzigo wa Uganda unaokuja kwa SGR lazima unyanyuliwe njiani na kuwekwa kwenye behewa la reli ya mita moja au kwenye lori. Kila kunyanyua kuna winchi, foleni, karatasi na malipo. Novemba 2024 Uganda ilizindua ujenzi wa SGR yake ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Ili kontena lisiguswe njiani, vipande vyote kati ya Mombasa na Kampala lazima viwe vya upana mmoja. Kipande kimoja kikikosekana, mkono unarudi.

Kwa wanaopitia Dar es Salaam hali ina sura nyingine. Jiji hilo lina reli za upana wa aina tatu: ya mita moja ya Reli ya Kati, ya TAZARA yenye milimita 1,067, na SGR ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024. Kwa kipimo cha mezani petu, reli ya TAZARA ina milimita 40. Inazidi ile ya mita moja kwa milimita mbili na nusu, unene wa sarafu mbili hivi. Behewa letu lilitumbukia huko pia. Na Congo, ambako wengi wenu mnapeleka mzigo, hutumia upana huo huo wa 1,067.

Maswali ya kumuuliza wakala

Tangu usiku ule dada yangu hakubali bei ya usafirishaji kabla ya kuuliza mambo manne, na ameniruhusu niyaandike hapa:

Kontena langu litanyanyuliwa mara ngapi, na wapi?

Bei uliyonipa inajumuisha kila kunyanyua na kushusha, au hayo yatakuja kwenye bili nyingine?

Siku za kuhifadhi bila malipo zinaanza kuhesabiwa lini: treni inapofika, au kontena linaposhushwa?

Likiharibika wakati wa kuhamishwa, ni bima ya nani inayolipa?

Wakala wa kwanza aliyemuuliza alimjibu mawili tu. Alienda kwa mwingine.

Kuna jambo moja zaidi ambalo gunia la Owino lilituonyesha. Vitofali vilivyokuwemo havikutoka kiwanda kimoja. Vingine ni vya Lego, kutoka Denmark, ambako muundo wake ulisajiliwa mwaka 1958. Vingine ni vya viwanda vya China visivyo na jina. Vingine ni vya zamani, rangi imepauka. Vyote vinashikana. Hakuna aliyelazimika kuvikata wala kuvigundisha, kwa kuwa kila aliyevitengeneza alikubali kipimo kimoja cha milimita 8.

Kichwa nambari 9201 sasa kiko juu ya kabati la vyombo, sebuleni. Kontena jekundu halipo juu ya behewa lake. Dada yangu amelichukua, ameliweka dukani Kikuubo kando ya kikokotoo, na mteja akiuliza kwa nini ndoo zimepanda bei, hulinyanyua kwa vidole viwili na kulihamisha kutoka upande mmoja wa kaunta hadi mwingine.