Safari za Uganga Kisiwani Pemba (Sehemu ya Pili): Mgonjwa, Jamaa na Pepo

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza namna Pemba ilivyopata sifa ya kuwa makao ya uganga, sifa iliyoenea mbali kiasi kwamba mwandishi wa Kiingereza Evelyn Waugh, katika kitabu chake *Remote People* cha mwaka 1931, alitaja habari za wanafunzi wa elimu hiyo waliosemekana kufika kisiwani kutoka nchi za Maziwa Makuu na hata Haiti. Sehemu hii inaitazama safari yenyewe ya kutafuta tiba, na hoja yake ni kwamba safari hiyo, kwa desturi ya Waswahili, si ya mtu mmoja, kwa kuwa maradhi ya pepo huhesabiwa kuwa ni jambo la ukoo mzima hata yanapodhihirika katika mwili wa mmoja wao.

Mgonjwa anayetoka Unguja akashuka bandari ya Mkoani, au anayevuka kutoka Tanga akashukia Wete, kwa kawaida hufuatana na mama, shangazi, ndugu au mume, na watu hao hawaji kumshika mkono tu, bali wao ndio watakaoulizwa mengi. Kazi ya mganga huanza kwa kutazamia, yaani kutafuta chanzo cha maradhi, aghalabu kwa ramli, ambayo ni elimu ya kusoma nukta na mistari iliyopangwa kwa hesabu maalumu. Chanzo kikionekana kuwa ni kijicho au hasadi, mgonjwa huweza kupelekwa kwa mwalimu wa kitabu, ambaye humwandikia kombe, yaani aya za Kurani zinazoandikwa kwa zafarani ndani ya sahani, zikaoshwa kwa maji au marashi na kunywewa, au humfungia hirizi. Lakini ikidhihirika kuwa mgonjwa ana pepo, maswali huelekea kwa wazee: ni nani katika ukoo aliyewahi kupandwa, alipewa nini, na ni ahadi gani iliyoachwa bila kutimizwa alipofariki, kwani pepo huweza kurithiwa kama inavyorithiwa mali au deni.

Pepo hao, ambao Unguja na Pemba huitwa pia masheitani, wana makabila. Mwanaanthropolojia wa Norway, Kjersti Larsen, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2008, ameeleza makundi kadhaa yanayotambulikana Zanzibar: ruhani, ambao ni Waislamu wenye asili ya Arabuni na hupenda udi, ubani na marashi, rubamba, ambao ni wa Pemba yenyewe, kibuki, wenye asili ya Bukini, yaani Madagaska, ambao ni Wakristo na hutaka pombe kali, na habeshia, walionasibishwa na Uhabeshi. Anayeijua historia ya visiwa hivi haoni ajabu katika orodha hiyo, kwa sababu wageni waliofika kwa jahazi wakiwa wafanyabiashara, watawala au watumwa, wamebaki katika kumbukumbu ya wenyeji kwa sura ya pepo, kila mmoja na lugha yake, mavazi yake na chakula chake.

Ngoma ya pepo hufanyika katika kilinge, yaani mahali pa uganga panaposimamiwa na fundi, ambaye mara nyingi naye aliwahi kuugua na kutibiwa kwa njia hiyo hiyo. Chetezo hufukizwa, nyimbo za kabila linalohusika huimbwa, na pepo akipanda kichwani, mgonjwa huhesabiwa kuwa ni kiti tu, na anayesema ni pepo, naye huulizwa jina lake, atokako na anachokitaka. Hapo ndipo umuhimu wa jamaa unapodhihirika, kwa maana pepo hudai nguo, pete, sinia la vyakula au ngoma ya siku kadhaa, na wanaojibu, wanaopunguza madai na kutoa ahadi mbele ya mashahidi ni wao. Pepo anaweza kupungwa ili atoke, lakini mara nyingi huishia kwenye mapatano, naye akakubaliwa kukaa kwa masharti. Mtafiti Linda Giles alionesha mwaka 1987 kwamba vilinge vya pwani haviwezi kuelezwa kuwa ni kimbilio la wanyonge peke yao, kwani wanachama wake hutoka katika tabaka mbalimbali.

Mfano wa mbali unasaidia kuipima hoja hii. Huko Mongolia, ambako waganga wanaopandwa na mizimu ya wahenga waliteswa na kuuawa chini ya utawala wa kikomunisti katika miaka ya 1930, uganga ulirejea hadharani baada ya mwaka 1990. Manduhai Buyandelger, katika kitabu chake cha mwaka 2013 kuhusu Waburiati wa nchi hiyo, ameeleza kwamba watu waliofilisika baada ya mashamba ya pamoja kuvunjwa walihusisha misiba yao na mizimu iliyosahauliwa ambayo sasa ilirudi kudai haki yake. Mwandishi Rupert Isaacson alipompeleka huko mwanawe mwenye usonji mwaka 2007, waganga walitafuta chanzo katika ukoo wa mama wa mtoto. Siku hizi, safari za makundi ya wageni kwenda kwa wafugaji wanaohamahama na waganga wao zimekuwa biashara inayotangazwa, lakini kundi la aina hiyo hukusanya watu wasiojuana, kila mmoja na shida yake, na wakirudi kwao hutawanyika.

Tofauti hiyo, baina ya mgonjwa anayefuatana na jamaa zake na kundi la wageni wasiojuana, ndiyo kipimo cha haki. Bila ya kuamua yaliyo ya ghaibu, inaweza kusemwa kwamba tiba ya kilinge hukaa juu ya mapatano yanayohitaji watu wa kuyatunza baada ya ngoma kwisha, na mgeni asiye na watu hao hupata tamasha, hapati tiba. Sehemu ya tatu itazungumzia msimamo wa maulamaa wanaouhesabu uganga wa pepo kuwa ni shirki, pamoja na nafasi ya hospitali katika safari hizi.