Seva ya darasani huokoa somo nyaya za baharini zikikatika
Nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini Mei 2024, intaneti ilizorota hata Mombasa, mji ambamo nyaya hizo huingilia Kenya. Mwanafunzi wa Mji wa Kale anayejifunza kuandika programu kwa kutumia seva za ng'ambo hukwama hapo hapo.

Dawa ni seva ya darasani. Kompyuta moja yenye Linux hutiwa programu huria ya JupyterHub. Kila mwanafunzi hupewa akaunti na neno la siri, akaandika na kujaribu programu zake kupitia kivinjari. Mtandao wa ndani ya jengo hautegemei bahari.

Hata hivyo, maktaba za Python zipakuliwe mapema, na nakala za kazi zihifadhiwe kwingine: diski ikiharibika, kazi ya darasa zima hupotea.