SOMA KIBANDIKO KABLA YA KUCHOMEKA

Siku hizi umeme umefika vijiji vingi. Tena ndugu zetu walio ng'ambo hutuletea vyombo: redio, pasi, birika la umeme. Zawadi ni nzuri, lakini usiichomeke kabla hujaisoma!

Tuseme kijana wa Malindi, huku kwetu Lushoto, ameletewa mashine ya kunyolea kutoka Marekani. Anataka kufungua kibanda cha kinyozi. Plagi yake ina pini mbili bapa, haiingii katika soketi yetu ya pini tatu. Ananunua adapta ya bei ndogo, anachomeka. Mashine inanguruma, inatoa moshi, inakufa. Mtaji umekwenda. Je, kosa ni nini?

Volti ni nini?

Sisi wakulima wa Usambara tunayajua maji ya mfereji. Yakishuka kutoka juu kidogo, yanasukuma kidogo. Yakishuka kutoka juu sana, yanabomoa hata tuta. Volti ni ule msukumo wa umeme. Umeme wa majumbani Tanzania ni wa volti 230. Wa Marekani ni volti 120, na wa Japani ni volti 100 tu.

Chombo cha volti 120 kikipewa volti 230, msukumo unakuwa karibu mara mbili. Umeme unaopita ndani yake nao unaongezeka karibu mara mbili. Mbili mara mbili ni nne. Kwa hiyo joto la pasi au birika linakaribia mara nne! Hapo waya huungua, na pengine nyumba pia.

Mbona nchi hazilingani?

Mwaka 1882 Thomas Edison alianza kuuza umeme wa taa mjini New York, wa volti kama 110. Marekani wakabaki karibu na hapo. Ulaya baadaye walipanda hadi volti 220 na zaidi, maana volti zikiwa nyingi, waya mwembamba unatosha kupeleka nguvu ile ile. Sisi tulifuata mtindo wa Waingereza, pamoja na plagi yao ya pini tatu.

Namna ya kusoma

Tazama nyuma au chini ya chombo. Tafuta namba zenye herufi V.

1. Ukiona 100–240V, chomeka bila wasiwasi. Chaja nyingi za simu ziko hivyo. Kama plagi haiingii, adapta inatosha.

2. Ukiona 220V, 230V au 240V, kinafaa kwetu.

3. Ukiona 100V, 110V au 120V peke yake, usichomeke! Kinahitaji transfoma ya kushusha volti.

4. Vyombo vingine vina swichi ndogo ya kuchagua volti. Iweke kwenye 220 au 230 kwanza, ndipo uchomeke.

Kumbuka: adapta siyo transfoma. Adapta hubadili umbo la plagi tu, volti zinabaki 230. Na transfoma ina kipimo chake cha wati. Chombo cha wati 300 usikipe transfoma ya wati 100. Nunua inayozidi wati za chombo.

Tazama pia herufi Hz. Hiyo ni hesabu ya mizunguko ya umeme kwa sekunde. Kwetu ni 50, Marekani ni 60, na transfoma haibadili hesabu hii. Saa ya 60Hz inayofuata mizunguko ya umeme itachelewa dakika 10 kila saa. Na ile mashine ya kunyolea, hata ikipata transfoma, itatetemeka polepole zaidi.

Basi, ndugu yako akiuliza akuletee nini, mwambie atafute chenye maandishi 100–240V na 50/60Hz. Kama maandishi yamefutika, usibahatishe. Mpelekee fundi umeme akipime. Kusoma namba chache kunaweza kuokoa nyumba nzima.