Kwa nini dhoruba moja ilipata vipimo viwili mjini Washington

Dhoruba ya theluji ilipoukumba mji wa Washington na vitongoji vyake Januari 22 na 23 mwaka 2016, uwanja wa ndege wa Reagan National ulitangaza theluji ya sentimita 45. Uwanja wa Dulles, ulioko karibu kilomita 40 upande wa magharibi, ulitangaza sentimita 74. Macho yakageukia ofisi ya Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa iliyoko Sterling, Virginia, jirani na Dulles, ambayo ndiyo inayotoa utabiri wa eneo lote hilo.

Sehemu ya tofauti hiyo ni ya maumbile. Reagan National uko bondeni kando ya mto Potomac, ambako hewa huwa na joto kidogo; Dulles uko bara na juu zaidi. Lakini wengi walitilia shaka upimaji wenyewe.

Fundi akipima ubao leo na kesho atapata urefu uleule. Theluji haiko hivyo: hujishindilia kwa uzito wake, huyeyuka kwa chini, na upepo huihamisha. Ndiyo maana kuna kanuni. Ubao mweupe hulazwa mahali pa wazi, na kila baada ya saa sita mpimaji husimamisha rula, huandika kina, kisha hufuta ubao. Akifuta kila saa, jumla itazidi, kwa sababu theluji haikupata nafasi ya kushindiliwa. Akingoja hadi dhoruba iishe, itapungua.

Mitambo ya viwanjani husoma joto na upepo yenyewe, lakini kina cha theluji bado ni kazi ya mtu na rula. Katika Reagan National, waangalizi wa kandarasi, ambao si wafanyakazi wa Idara hiyo, waliupoteza ubao wao chini ya theluji. Wakapima sehemu kadhaa na kuchukua wastani.

Idara iliunda jopo la wataalamu kuchunguza vipimo hivyo. Sentimita 45 zikabaki. Huko New York, hata hivyo, kosa la mawasiliano liligunduliwa: kipimo cha Central Park kilipanda kutoka inchi 26.8 hadi 27.5, na rekodi ya mwaka 2006, inchi 26.9, ikavunjwa.

Wakulima wa Afrika Mashariki wanalijua tatizo hili kwa sura nyingine, kwani kipimamvua kilichowekwa chini ya mwembe husema uongo msimu mzima.

Ugumu mkubwa zaidi uko katika kumbukumbu. Rekodi ya Washington, sentimita 71 za Januari 1922, ilipimwa katikati ya mji. Upimaji rasmi ulihamia uwanja wa ndege katika miaka ya 1940, na tangu hapo theluji ya mtoni ndiyo inayoshindanishwa na ile ya mjini.