Toa matatu uani, peleka familia kwa Mwamba wa Tororo

UMEZIONA zile video. Familia ya Marekani imejipakia kwenye gari refu lenye vitanda, jiko na hata choo ndani. Baba yuko kwa usukani, watoto wanabishania dirisha, na siku tatu baadaye wote wamesimama ukingoni mwa Grand Canyon wakipiga selfi. Wewe unatazama ukiwa umejinyoosha kwa kochi, Umoja au Bamburi, na kujiuliza, "Kwetu hii itawahi kutokea?"

Inaweza kutokea Desemba hii. Tena gari mnalo tayari.

Hebu fikiria vile huwa mnarudi Busia kwa Krismasi. Mjomba anakodisha matatu ya watu 14, kila mtu anachanga, mnasafiri usiku kucha. Mkifika, gari linaegeshwa chini ya mwembe na linakaa hapo siku nne. Kuku wanalala chini yake, dereva anakula ugali na kuhesabu siku za kurudi. Pesa za kukodisha zimeshalipwa. Kinachokosekana ni mafuta, hati na mtu mmoja wa kusema, "Jameni, twendeni mahali." Huyo mtu ni wewe.

Kwenda wapi sasa? Ukiwa Malaba, inua macho juu ya foleni ya malori, tazama magharibi. Lile jiwe kubwa lililosimama peke yake kama kichuguu cha jitu ndilo Mwamba wa Tororo. Umeliona tangu ukiwa mtoto. Nyanya yako ameliona maisha yake yote. Muulize kama amewahi kufika hapo. Wengi wa pande zetu watakwambia hapana, na si kwa sababu ya umbali, maana kutoka Malaba hadi mji wa Tororo kwa barabara hata kilomita 20 hazifiki.

Jiwe lenyewe

Kilele cha mwamba huu kiko mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, karibu mita 300 juu ya mji ulio chini yake. Hapo zamani palikuwa na volkano. Mawe yaliyoyeyuka yaliganda ndani ya koo lake kama uji unavyoganda ndani ya chupa. Kisha mvua na upepo vikachukua miaka mingi kula udongo na mawe laini ya nje, hadi "chupa" ikaisha na "uji" ukabaki umesimama.

Kuna njia ya kupanda, na sehemu zenye mteremko mkali zimewekwa ngazi. Kwa mwendo wa kawaida, tenga saa moja ya kwenda juu. Panda asubuhi kabla jua halijakuwa kali, na mvua ikinyesha subiri, kwa sababu ngazi iliyolowa si mchezo. Mkiwa juu siku isiyo na mawingu, mtauona Mlima Elgon kaskazini mashariki, na upande wa mashariki mtaiona Kenya: Malaba, malori yamejipanga kama siafu, na mbele zaidi mashamba ya nyumbani. Ile picha ya nyumbani ukiwa upande wa pili huwezi kuipata kwingine.

Hati kwanza, muziki baadaye

Safari nyingi za hivi hufia kwa kaunta ya uhamiaji, kwa hivyo sehemu hii usiiruke.

Tangu Januari 2014, Mkenya mtu mzima anaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa, bila pasipoti. Shida ni wale wadogo. Mtoto ambaye hajafika miaka 18 hana kitambulisho, kwa hivyo ulizia ofisi ya uhamiaji mapema kuhusu hati yake ya kusafiria, na ubebe cheti chake cha kuzaliwa. Kama mpwa wako anasafiri bila wazazi wake, beba pia barua yao ya ruhusa. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo iwe mfukoni.

Gari nalo lina hati zake. Zungumza na mwenye matatu kabla hamjatoka Nairobi au Mombasa. Muulize kama anakubali gari livuke, kama ana logibuku au barua ya kumruhusu dereva kulivusha, na kama lina bima ya COMESA inayotambuliwa Uganda. Bima ya kawaida ya Kenya inakomea mpakani. Mwenye gari akikataa, msigombane naye. Shukeni Malaba, vukeni kwa miguu, mtafute gari upande ule.

Kuvuka kwenyewe siku hizi ni rahisi kuliko zamani. Busia na Malaba zote zina kituo cha pamoja cha mpakani. Kile cha Busia kilifunguliwa rasmi Februari 2018 na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni. Ukitoka Kenya, unasimama mara moja tu, upande wa Uganda, na maafisa wa nchi zote mbili wanakuhudumia hapo hapo. Kijana akikufuata akisema atakupitisha haraka kwa njia ya panya, mkatalie kwa upole. Na simu iweke mfukoni. Mpakani si mahali pa kurekodi TikTok.

Hesabu ya mfuko

Tuseme mnatoka mjini Busia, mnapitia Alupe hadi Malaba, kisha Tororo. Ni kama kilomita 45 kwenda, 90 kwenda na kurudi. Matatu inayokula lita moja kwa kilomita 10 itahitaji lita 9. Weka 12 kwa sababu ya foleni na kupotea njia. Gawanya bei ya lita hizo kwa watu 13, ukimwacha dereva nje ya mchango, na utashangaa: kila mtu atatoa pesa ndogo kuliko za kahawa moja pale Westlands.

Ongeza chakula cha dereva na kitu kidogo cha shukrani kwake, maana siku hiyo angekuwa anapumzika. Ongeza pia ada ya kupanda na malipo ya mwongozaji. Ulizeni bei mkiwa chini, kabla hamjaanza. Badilisheni pesa kiasi tu. Shilingi moja ya Kenya ni zaidi ya 20 za Uganda, kwa hivyo mtajihisi matajiri kwa dakika tano hivi. Mkishuka mkiwa na njaa, agizeni rolex, na hapa hatuzungumzii saa ya mkononi. Ni chapati iliyokunjwa na mayai ndani.

Nyanya je?

Hapa ndipo safari inapokuwa kubwa kuliko jiwe. Magoti ya nyanya hayatapanda zile ngazi, na msimlazimishe. Lakini msimwache nyumbani pia. Mpeni kiti cha mbele, abaki chini kivulini na binamu mmoja, na mumpe kazi moja tu: kusimulia.

Muulizeni nani wake yuko upande ule. Waiteso wako pande zote mbili za mpaka huu, na Wasamia vilevile. Hadi 1902, Waingereza walihesabu nchi hii yote, kuanzia hapa hadi maeneo ya Naivasha, kuwa sehemu ya Uganda, kisha wakaihamishia Kenya kwa karatasi. Huenda nyanya wa nyanya yako alizaliwa Uganda na akafia Kenya bila kuhama boma. Majina ya ndugu waliobaki ng'ambo hayako kwenye intaneti. Yako kichwani mwa huyo mama aliyeketi kiti cha mbele, na kila Desemba mnayoahirisha ni Desemba mnayocheza nayo kamari. Binamu arekodi kwa simu. Hiyo ndiyo video ya maana ya safari nzima.

Kama mpaka umekataa

Hati zikikwama, bado kuna jiwe jingine upande wetu. Geuzeni gari muelekee vilima vya Chelelemuk, Teso Kaskazini. Huko kuna Kakapel, mwamba wenye michoro ya kale inayotunzwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Mtaona duara ndani ya duara, michoro inayohusishwa na wawindaji wa kale wa jamii ya Watwa, na pia ng'ombe waliochorwa na watu waliokuja baadaye.

Mwaka 2024 wanasayansi walichapisha walichopata wakichimba chini ya mwamba huo. Kulikuwa na mabaki ya kunde ya miaka 2,300 iliyopita, na mbegu za wimbi za angalau miaka 1,000. Wimbi hilo hilo ndilo nyanya anakusongea ugali, nawe unaomba mchele. Mwambieni hayo mkiwa hapo kwenye mwamba, muone atakavyocheka.

Basi usingoje gari lenye kitanda na choo. Fungua grupu la WhatsApp la familia leo, kabla watu hawajaanza kubishana juu ya mbuzi wa Krismasi. Andika tarehe moja, mfano Desemba 27, saa kumi na mbili asubuhi, chini ya mwembe. Mpe mmoja kazi ya hati, mwingine mafuta, mwingine chakula. Kisha mpigie nyanya simu umwambie kiti cha mbele ni chake. Ukishamwahidi yeye, hakuna wa kuahirisha tena.